ASILI YA NENO: Kutegwa si kunaswa

Ni nadra juma zima kupita bila neno 'mtego' kuchomoza katika vichwa vya habari. Wapelelezi huweka mtego, wakopaji huingia katika mtego wa madeni, mabeki wa kandanda hutega mtego wa kuotea, nao wanasiasa hawaishi kudai kuwa wapinzani wao wamewawekea mtego. Neno limezoeleka kiasi kwamba aghalabu msomaji hulipita kama apitavyo nguzo ya stima kando ya barabara.

Hata hivyo, hili ni miongoni mwa maneno ambayo kosa dogo katika matumizi yake huweza kumgeuza mshukiwa kuwa mhalifu kabla hakimu hajamsikiliza. Kutegwa ni jambo moja, kunaswa ni jingine. Baina ya mambo hayo mawili mna nafasi ambamo mnyama, au binadamu, bado anaweza kupita kando akaenda zake. Mwandishi anayeandika 'anaswa' pale ambapo kilichotokea ni 'ategwa' huwa ameifuta nafasi hiyo kwa kalamu.

Kimuundo, 'mtego' ni nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi 'tega'. Mzizi -teg- umepachikwa kiambishi m- mwanzoni na kiishio -o mwishoni, kwa njia ile ile iliyotupa 'mchezo' kutokana na cheza, 'msemo' kutokana na sema na 'mwendo' kutokana na enda. Wingi wake ni 'mitego', na upatanisho wake ni wa U-I: mtego umetegwa, mitego imeteguliwa. Kwa hiyo anayetaka kuijua asili ya mtego sharti kwanza akiulize kitenzi, maana nomino imezaliwa nacho.

Nacho kitenzi hicho ni cha kale mno. Kiswahili kimepokea maelfu ya maneno kutoka Kiarabu, na mengine kutoka Kireno, Kihindi, Kiajemi na Kiingereza, ila hili halikuletwa na jahazi lolote. Wakikuyu husema gũtega na mũtego. Waganda husema okutega na omutego. Nchini Rwanda ni gutega na umutego. Ukivuka hadi Zimbabwe, Washona husema kuteya, sauti ya 'g' ikiwa imelegea na kuwa 'y'. Wataalamu wa isimu linganishi, akiwemo Mwingereza Malcolm Guthrie aliyechapisha kazi yake kubwa kuhusu lugha za Kibantu baina ya 1967 na 1971, huuhesabu mzizi huu katika msamiati wa awali wa Kibantu, yaani uliokuwapo kabla ya lugha hizo kutengana na kila moja kushika njia yake. Kwa maneno mengine, walioanza kusema 'tega' walikuwa wawindaji na wavuvi walioishi zama ambazo hapakuwa na Mswahili, Mkikuyu wala Mganda.

Lakini je, walikuwa wakiwazia mnyama tu? Hapa ndipo neno linapovutia zaidi.

Mswahili hutega sikio. Mvua inaponyesha hutega ndoo na mapipa chini ya michirizi ya bati ili kukinga maji. Mpagazi hutega mgongo apandishiwe gunia. Katika vitendo hivi vyote hamna hila wala windo. Kilichomo ni mtu anayekiweka kitu mahali pake, kwa namna yake, kikakaa tayari kupokea kitakachokuja chenyewe. Mtego wa ndege ni mfano mmoja tu wa utayari huo.

Mtu angeweza kudhani kwamba 'kutega sikio' ni tamathali iliyobuniwa na malenga fulani wa Lamu au Mombasa, aliyelifananisha sikio na tundu la kunasia maneno. Dhana hiyo haisimami. Mnyarwanda asikilizaye kwa makini husemwa kuwa anategea amatwi, yaani masikio, kwa kitenzi kile kile cha gutega. Mganda hutega amatu. Mkikuyu naye hutega matũ. Lugha zilizotengana kwa karne nyingi, baadhi zikiwa mbali kabisa na bahari, haziwezi kuwa zimekopa mzaha wa mtu mmoja wa pwani. Yaelekea maana hii pana ilikuwamo ndani ya kitenzi tangu zama hizo, sambamba na ile ya uwindaji.

Basi 'kutega' ni kazi ya kabla. Mtegaji huchagua mahali, husoma nyayo, hupinda fimbo, hutandika majani, kisha huondoka. Kinachofuata hakimo mikononi mwake. Ndiyo sababu lugha ina kitenzi cha pili, 'nasa', kwa lile tendo ambalo hufanywa na mtego wenyewe wakati mtegaji yumkini yuko nyumbani amelala.

Kwa vile ufundi huo ulikuwa kazi ya kila siku, Kiswahili hakikuridhika na jina moja. 'Tanzi' au 'kitanzi' ni kamba, ugwe au waya uliofungwa fundo linalokaza kadiri mnyama anavyopapatika. 'Rima' ni shimo lililochimbwa njiani na kufunikwa vijiti na nyasi kwa ajili ya wanyama wakubwa. 'Ulimbo' ni utomvu mzito unaonata, ambao watoto wa mashambani huupaka juu ya vitawi ili ndege atuapo asiweze kuruka tena. Ukisikia mtu akisema amenaswa kwenye ulimbo, elewa kwamba kila anapohangaika ndipo anapozidi kugandama.

Majini ndiko hazina hii ilikojaa. 'Wando' na 'uzio' ni kingo za vijiti zilizosimikwa ufuoni zikisubiri maji ya bamvua yakupwe na kuwaacha samaki ndani. 'Mgono' ni mtego wa samaki uliosukwa kwa vijiti. Juu ya yote ni 'dema', ambalo wavuvi wengi wa pwani ya Kenya huliita 'lema', wingi 'malema'. Hili ni tenga pana lililosukwa kwa mianzi iliyopasuliwa au fito nyembamba, matundu yake yakiwa na pembe sita. Mdomo wake ni kama faneli iliyoelekea ndani: samaki huingia kwa urahisi, lakini akigeuka kutafuta njia ya kutoka hukutana na ncha zilizosongana. Ndani hutiwa chambo, kama vile majani ya baharini au chane zilizopondwa, kisha dema huzamishwa kwa mawe karibu na matumbawe na kuachwa.

Ubora wa dema ni kwamba samaki hutolewa akiwa hai. Ubaya wake ni kwamba halichagui. Changu mchanga asiyefikia umri wa kuzaa hunaswa sawa na mkubwa. Katika miaka ya mwanzo ya 2010, watafiti walioshirikiana na wavuvi wa pwani ya Kenya walijaribu madema yaliyoachwa mwanya mwembamba wa kusimama ili samaki wadogo na wale wembamba wasio na thamani sokoni wajitokee. Matokeo yalikuwa kwamba samaki wachanga walionaswa walipungua, huku ukubwa wa samaki waliovuliwa na mapato ya mvuvi yakiongezeka. Kwa lugha ya kifungu hiki, kutega kulibaki vile vile, kunasa ndiko kulikobadilishwa.

Bara, hali si ya kupendeza. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mnamo 1977, lakini tanzi za waya zingali zikitegwa vichakani kwa ajili ya nyama ya porini. Tanzi la waya haliozi kama la kamba ya katani. Mtegaji anaweza kulisahau, au akakamatwa, au akahama, nalo likabaki pale likisubiri. Katika eneo la Tsavo, askari wa wanyamapori pamoja na makundi ya wahifadhi yamekuwa yakipita mguu kwa mguu kuyaondoa, kazi ambayo huitwa kwa kitenzi kinachotokana na mzizi huu huu: kutegua.

Kabla ya kufika huko kwenye 'tegua', linafaa kutajwa ndugu mmoja wa mtego ambaye amepanda cheo hadi akaisahau jamaa yake. Huyo ni 'mtambo'. Leo hii neno hilo humwelekeza msomaji kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria, mitambo ya kuchapishia magazeti au mitambo ya kurushia matangazo. Ila ukienda Kinshasa, mzungumzaji wa Lingala akisema motambo anakusudia mtego, na Wakongo nao huuita ntambu. Mtego wa kufyatuka ulikuwa na fimbo iliyopindwa kwa nguvu, kamba, kitanzi, na kijiti kidogo kilichoizuia fimbo isirudi. Mnyama akikigusa kijiti, fimbo hufyatuka. Kifaa hicho kilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kijijini vilivyofanya kazi vyenyewe bila mkono wa mtu. Si ajabu kwamba bunduki ilipofika, kile kipande chake kinachofyatuka kikaitwa mtambo wa bunduki, kisha jina likaenea hadi kwa mashine yoyote yenye viungo vinavyoendeshana.

Kitenzi 'nasa' nacho hakikubaki porini. Chombo cha kurekodia kilipohitaji jina, Waswahili walikiita 'kinasa sauti'. Sauti ipitayo hewani hukamatwa ikabaki ndani, kama ndege.

Turudi kwenye 'tegua'. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, kina kiambishi cha kutengua: funga hupata fungua, ziba hupata zibua, pakia hupata pakua. Tega, vivyo hivyo, hupata tegua. Maana yake ya kwanza ni kuuondolea mtego utayari wake usiweze tena kunasa. Kutokana na hiyo tunapata kutegua bomu, kazi ya wataalamu wa vilipuzi, na kutegua uchawi, kazi ya waganga. Kiungo cha mwili kikiruka kutoka mahali pake, husemwa kuwa kimeteguka. Mchezaji aliyeteguka kifundo cha mguu ni kana kwamba kijiti kilichozuia fimbo kimechomoka.

Matumizi ambayo kila mtoto wa shule ya msingi anayajua, pengine bila kuyatafakari, ni ya kitendawili. Mwenye fumbo hutangulia kwa kutamka, "Kitendawili!" Hadhira humjibu, "Tega!" Naye hutega: nyumba yangu haina mlango. Ukitoa jibu, ambalo ni yai, umekitegua. Ukishindwa, yeye hudai, "Nipe mji!" Wewe huutaja Malindi, Voi au Kisumu, naye hujisifu jinsi alivyoupokea mji huo na mema aliyoyakuta huko, ndipo akufichulie jibu. Katika mchezo huo yumo mtegaji, yumo mteguaji, na upo mtego uliowekwa hadharani kwa ridhaa ya anayetegewa, ambaye mwenyewe ndiye aliyeamuru, "Tega!" Mwanafunzi anayeandika kwamba kitendawili 'hujibiwa' hakosei, ila huwa amelipoteza neno lenye ladha.

Katika kauli ya kutendea, 'tegea' ina visa vyake. Maana ya msingi ni kumwekea mtu au mnyama mtego, au kumsubiri mahali. Lakini mtu anayesubiri sana huonekana hafanyi kitu, na hapo ndipo tulipopata 'kutegea kazi', yaani kujificha nyuma ya jasho la wenzako. Tanzania humwita mtu wa aina hiyo 'mtegaji' au 'mtegeaji'. Kundi la vibarua linapolima shamba, mtegeaji humtambua kwa jembe linalopanda juu pamoja na ya wengine lakini likishuka halizami.

Ukiondoa kiambishi m- ukabaki na 'tego', unaingia katika mambo ya siri. Katika imani za pwani na kwingineko, tego ni dawa ambayo mume au mke humwekea mwenziwe ili atakayezini naye apatwe na maradhi au aibu. Kila baada ya muda huzuka habari za watu wawili wanaodaiwa kunasana nyumba ya wageni, na umati hukusanyika nje hata pasipokuwa na cha kuona. Sayansi haina la kusema kuhusu tego. Kwa upande wa lugha, linathibitisha tu jinsi wazo la kuweka-na-kuondoka lilivyo na mizizi: mwenye tego hahitaji kuwapo.

'Kitega uchumi' ni tawi jingine la mti huu, na ni tawi lenye heshima zaidi. Umbo lake ni la 'kifungua kinywa' na 'kipaza sauti': ki- ikifuatwa na kitenzi, kisha nomino. Shamba la majani chai, nyumba ya kupangisha, pikipiki ya bodaboda au ng'ombe wa maziwa ni kitega uchumi kwa sababu huwekwa leo ili chumo lije kesho. Hapa hakuna anayedanganywa. Ni ile maana pana ya kukinga maji ya mvua. Hata hivyo, wapo wanaolichanganya na 'uwekezaji'. Uwekezaji ni tendo la kutia mtaji, kitega uchumi ni kile kilichotiwa mtaji. Wizara huhimiza uwekezaji, wala haihimizi 'kitega uchumi' kwa jumla jumla.

Sasa tuyatazame matumizi ambayo yana uzito mkubwa zaidi katika vyumba vya habari.

Kitenzi 'tega' huweza kuchukua yambwa za namna tatu. Unaweza kutega kifaa: ametega tanzi. Unaweza kutega windo: ametega kanga. Unaweza pia kutega mahali au chombo kwa kukitia kifaa hicho: wametega gari bomu. Ikigeuzwa kuwa kauli ya kutendwa, sentensi huweza kumpoteza msomaji. 'Gari lililotegwa bomu' ni gari lililojazwa vilipuzi ili liwe silaha. Ndivyo lilivyokuwa lori lililolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mnamo Agosti 7, 1998, na kuua watu 213. Lakini gari la polisi linalokanyaga kilipuzi barabarani katika kaunti ya Lamu au Mandera halikutegwa bomu, bali lilitegewa. Tofauti ni silabi moja tu katikati ya neno. Silabi hiyo ndiyo inayomweleza msomaji kama waliokuwamo garini walikuwa washambulizi au walioshambuliwa.

Istilahi 'mabomu ya kutegwa ardhini' kwa bahati ilitafsiriwa vyema. Ilizoeleka hasa baada ya mkataba wa Ottawa wa 1997 unaopiga marufuku silaha hizo, na Nairobi ikawa mwenyeji wa kongamano la kwanza la kuutathmini mkataba huo, lililoanza mwishoni mwa Novemba 2004. Neno 'kutegwa' linaibeba sababu yenyewe ya kuyapinga. Bomu la aina hiyo, kama tanzi la waya lililosahauliwa, hubaki likisubiri baada ya vita kumalizika na aliyelitega kwenda zake. Atakayelikanyaga huenda akawa mtoto ambaye hakuwa amezaliwa vita vilipokwisha.

Mahakamani, mtego una sura nyingine. Maafisa wa kupambana na ufisadi hupokea malalamishi kwamba afisa fulani anadai hongo. Humpa mlalamishi noti zilizopakwa unga maalum wa kutambulisha, na kinasa sauti mfukoni. Afisa akizishika, unga hubaki vidoleni. Huo ni mtego kwa maana kamili ya neno, na sheria haiukatazi. Kinachokatazwa ni mambo kupinduka, mpelelezi akawa ndiye anayemshawishi na kumsukuma mtu atende kosa ambalo hakuwa na nia ya kulitenda. Utetezi wa namna hiyo umewahi kuzingatiwa na mahakama za Kenya, na ushahidi uliopatikana kwa uchochezi huweza kukataliwa.

Kiswahili cha magazeti huyaita mambo yote mawili 'mtego', na hapo ndipo msomaji anaponyimwa haki yake. Mwindaji hutega penye nyayo. Akimfukuza swara kutoka mbugani kwake na kumsukumia tanzini, hiyo siyo tena kutega. Lugha inayo maneno ya kutosha kwa tendo hilo: kushawishi, kuchochea, kurubuni. Taarifa itakayosema kwamba 'alirubuniwa' na ile itakayosema 'alitegwa' zinaeleza kesi mbili tofauti, na ni wajibu wa mhariri kumuuliza mwandishi ni ipi aliyoisikia mahakamani.

Neno hili limeumiza watu wasio washtakiwa pia. Katika mazungumzo ya mitaani, Kenya na Tanzania, mavazi yanayobana au yaliyo mafupi huitwa 'nguo za mitego', na mwanamke aliyevaa hivyo husemwa kuwa 'ametega'. Wengi hulitamka kama utani. Lakini mtego una mtegaji, na mtegaji ana windo. Kuliita vazi mtego ni kudai kwamba mwanamke ni mwindaji na mwanamume anayemkodolea macho ni mnyama asiye na hatia. Novemba 2014, wanawake waliandamana katikati ya Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye kituo cha matatu, nao waliomtetea mtenda waliishikilia hoja hiyo hiyo ya kwamba aliyevuliwa alikuwa amewatega. Mwishoni mwa mwaka huo, sheria ya kurekebisha sheria za usalama iliifanya kuwa hatia ya jinai kumvua mtu nguo kwa nguvu. Msamiati haukurekebishwa. 'Mavazi ya mitego' bado hupenya katika kurasa za burudani, pasipo hata alama za mnukuu.

'Mtego wa madeni' na 'mtego wa umaskini' ni tafsiri za moja kwa moja kutoka Kiingereza. Zimeshika, wala hapana haja ya kuzifukuza. Zina udhaifu mmoja tu: zinamficha mtegaji. Husemwa kuwa wananchi wameingia katika mtego wa mikopo ya simu, lakini ni nani aliyeutega, chambo kilikuwa nini, na kamba imefungwa kwenye mti gani? Maadamu Kiswahili kina kauli ya kutendea, sentensi kama 'wametegewa na wakopeshaji' ingelazimisha jina kutajwa.

Zipo methali kadhaa zinazolitumia neno hili. 'Mtego bila chambo haunasi' haihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kuahidiwa utajiri wa haraka. Inayotajwa zaidi ni 'Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo'. Huambatana na hadithi inayosimuliwa sana ya panya aliyewaonya kuku, mbuzi na ng'ombe kwamba mna mtego nyumbani, nao wakamjibu kuwa hauwahusu. Usiku nyoka akanaswa mkia, akamuuma mama mwenye nyumba. Kuku akachinjwa kwa mchuzi wa mgonjwa, mbuzi kwa wageni waliokuja kumjulia hali, na ng'ombe kwa matanga. Wengi waliikumbuka methali hii Aprili 2014, wakati maelfu ya wakazi wa Eastleigh na mitaa mingine walipokusanywa katika msako wa Usalama Watch na wengi wao kuzuiliwa uwanjani Kasarani, wenye vitambulisho na wasio navyo.

Baadhi ya walimu huisahihisha methali hiyo na kuandika 'hunasa' badala ya 'huingia', wakihoji ni vipi mtego unaweza kuingia watu. Hawana haja. Kiswahili huruhusu mahali kutangulia na mtendaji kufuata, kama tusemavyo 'nyumba hii hulala watu sita' na tukaeleweka kwamba watu ndio wanaolala. Mtego hapa ni mahali, nao waliokuwamo na wasiokuwamo ndio wanaoingia. Umbo lenye 'hunasa' nalo limeenea na si kosa, ila linampa mtego kazi ambayo methali ya awali iliwaachia waingiao.